Nani Alimlipa Msasi? Wawindaji Mashuhuri wa Dubu na Puma katika Historia ya Marekani





Mwaka 1925, kando ya kijito cha Sapillo kusini-magharibi mwa jimbo la New Mexico, mzee wa miaka 68 alimzika mbwa wake. Mzee huyo aliitwa Ben Lilly, na mbwa aliitwa Crook. Juu ya kaburi Lilly aliacha maandishi ya kueleza kwamba aliyelala pale ni mbwa wa dubu na puma, aliyesaidia kuua dubu 210 na puma 426 tangu mwaka 1914. Tukizijumlisha tunapata wanyama 636 katika miaka 11, yaani zaidi ya mmoja kila wiki, na hapo mkumbuke kwamba Lilly alikuwa Mkristo mshika dini asiyewinda Jumapili. Mwenye kutaka kuitilia shaka hesabu hiyo ana haki. Mimi nimeileta kwa sababu nyingine: ni nadra sana kaburi la mbwa kuandikwa hesabu ya kazi, kama daftari la karani.

Katika hadithi za wawindaji mashuhuri wa Marekani, mbwa hutajwa kwa kupita tu, na mlipaji hatajwi kabisa. Anayebaki mbele yetu ni mwanamume mmoja, bunduki begani, milima nyuma yake. Jioni hii nataka tumtazame mwanamume huyo pamoja na waliomzunguka. Hoja yangu ni moja. Ujuzi ulikuwa wa msasi, lakini kazi iliyofanywa na ujuzi huo iliamuliwa na aliyetoa fedha. Mlipaji alipobadilika, msasi huyohuyo, kwa mbwa wa aina ileile, alikuwa mlisha watu, mburudishaji, mwangamizaji wa mshahara, na mwishowe mshirika wa mwanasayansi.

Wanyama na mbwa

Wanyama tutakaowazungumzia ni watatu. Wa kwanza ni dubu mweusi, mkazi wa misitu, mla matunda, mizizi, asali na chochote anachokiokota. Huyu hupanda mti kwa wepesi. Wa pili ni dubu grizli wa magharibi mwa Marekani, mkubwa zaidi, mwenye nundu mabegani na kucha ndefu za kuchimbia. Grizli aliyekomaa si mpanda miti, na akisongwa husimama akapigana. Wa tatu ni puma, ambaye Wamarekani humwita simba wa milimani ingawa hana manyoya ya shingoni wala hawezi kunguruma kama simba wetu. Mtu anaweza kuishi miaka mingi katika bonde lenye puma asimwone hata mara moja.

Mnyama asiyeonekana huwindwaje? Kwa pua ya mbwa. Puma ana mbio kali lakini pumzi fupi. Mbwa wakimkaribia, hata kama ni wadogo kwake, hupanda mti na kutulia tawini akiwatazama wanavyobweka, mpaka mwenye bunduki afike. Kupiga risasi ndiyo sehemu rahisi kuliko zote. Ugumu uko katika zile saa, au siku, zinazotangulia. Katika nchi kavu kama New Mexico harufu ya unyayo huliwa na jua mapema asubuhi, kwa hiyo msasi huondoka kabla hakujapambazuka. Mbwa kiongozi huinusa njia iliyopoa, wengine humfuata, na msasi husoma yale ambayo pua haiyasemi. Puma dume hukwangua ardhi kwa miguu ya nyuma akakusanya majani na udongo kuwa kichuguu kidogo, kisha hukikojolea ili wengine wajue amepita. Akiua paa au mwanafarasi, humfunika kwa majani na vijiti ili amrudie. Kwa alama kama hizo msasi mzoefu aliweza kukisia mnyama ni dume au jike, alipita lini, na kesho atapita wapi.

Kundi la mbwa wa dubu lilihitaji zaidi ya pua. Kulikuwa na mbwa wa kunusa, na kulikuwa na mbwa wa kuzuia: wakorofi, wepesi wa kuuma kisigino na kuruka pembeni, ambao kazi yao ilikuwa kumfanya dubu ageuke, asimame, asahau kukimbia. Wengi wao walikufa kazini. Msasi aliyejisifu kwa dubu mia alikuwa amekwisha kuzika mbwa makumi kadhaa, kama alijishughulisha kuwazika.

Crockett: tumbo, kura na kitabu

David Crockett alizaliwa Tennessee mwaka 1786. Mwanzoni mwa miaka ya 1820 alihamia kaskazini-magharibi mwa jimbo hilo, karibu na mto Obion, katika ardhi ambayo kabila la Wachickasaw lilitakiwa kuiachia mwaka 1818. Matetemeko makubwa ya miaka ya 1811 na 1812 yalikuwa yameipasua nchi hiyo na kuangusha miti ovyo, na vichaka vilivyoota humo vilijaa dubu. Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1834, Crockett anadai kuua dubu 105 katika muda usiotimia mwaka.

Kisa kimoja cha kitabu hicho kinafaa kutazamwa kwa karibu. Usiku mmoja wa baridi kali, mbwa wake walimkimbiza dubu mpaka akaingia katika ufa wa ardhi. Giza lilikuwa nene na bunduki yake, gobore la kushindilia, haikumfaa tena. Akateremka ufani, akapapasa kwa mkono mpaka akalifikia tako la dubu, akaendelea kupapasa hadi begani, akachoma kisu. Baada ya hapo lilibaki tatizo la baridi: nguo zilikuwa zimeloa na kuganda, na kuni zilikuwa mbichi. Anasema aliupanda mti usio na matawi, akaukumbatia, akajiachia akateleza mpaka chini ili msuguano umpashe joto mapajani na mikononi, kisha akapanda tena. Alifanya hivyo mpaka kukacha.

Kwanza Crockett alilipwa na tumbo. Nyama ya dubu ilitiwa chumvi ikawa chakula cha kipupwe kizima, mafuta yalipikiwa na kuwashiwa taa, ngozi iliuzwa. Mlipaji wa pili alikuwa mpiga kura. Sifa za uwindaji zilimsaidia kuingia katika Bunge la Marekani mwaka 1827, ambako baadaye alipinga sheria ya mwaka 1830 ya kuwahamisha wenyeji wa nchi kwa nguvu. Mlipaji wa tatu, na ndiye aliyedumu, alikuwa msomaji. Mwaka 1831 mchezo wa jukwaani wenye mhusika aliyefananishwa naye ulikuwa ukiwachekesha watu wa mijini, na hata baada ya yeye kuuawa katika ngome ya Alamo, Machi 1836, vijitabu vya kalenda vyenye jina lake viliendelea kutungiwa visa vipya, kila mwaka vikubwa kuliko vya mwaka uliopita. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hapa mgema alikuwa amekwisha kufa, na tembo liliendelea kutiwa maji na wachapishaji.

Holt Collier: mjuzi nyuma ya rais

Sasa twende Mississippi, katika tambarare iitwayo Delta, nchi ya vinamasi, misitu ya mafuriko na matete marefu yaliyosongamana hata mtu hupita kwa kukata njia. Holt Collier alizaliwa utumwani katika jimbo hilo mnamo mwaka 1846. Akiwa mtoto wa miaka kama kumi alimwua dubu wake wa kwanza, na kazi yake ikawa kuleta nyama mezani kwa bwana wake. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka, kijana huyo mtumwa alimfuata bwana wake akapigana upande wa Kusini, jambo ambalo wanahistoria wamelijadili sana. Baada ya vita, akiwa mtu huru, aliendelea na kazi anayoijua. Delta ilikuwa inafyekwa kwa ajili ya pamba, reli zilijengwa, kingo za mito ziliinuliwa, magogo yalikatwa, na kambi za vibarua zilihitaji nyama. Collier aliwauzia. Idadi inayotajwa ya dubu aliowaua maishani ni zaidi ya 3,000.

Novemba 1902 Rais Theodore Roosevelt alialikwa kuwinda katika Delta, na Collier akawekwa kuwa kiongozi wa windo. Rais alitaka dubu. Collier alimketisha mahali alipojua mnyama atapita, akaingia vichakani na mbwa wake. Saa zikapita. Mchana ulipofika rais na mwenzake wakaondoka kwenda kula. Muda si mrefu Collier akamtoa dubu palepale alipoahidi, akakuta mahali patupu.

Dubu alikuwa amezingirwa majini na mbwa, na alimkamata mbwa mmoja akamwua. Collier angeweza kumaliza kazi kwa risasi moja, lakini dubu huyo alikuwa wa rais. Akamsogelea, akampiga kichwani kwa bunduki kwa nguvu hata bunduki ikaharibika, akamtupia kitanzi cha kamba shingoni, akamfunga mtini, akapuliza baragumu kuita watu. Roosevelt alipofika alikataa kumpiga risasi mnyama aliyefungwa. Aliona si uungwana. Akaamuru tu dubu aliyejeruhiwa amalizwe asiendelee kuteseka, na akamalizwa kwa kisu.

Yaliyofuata mnayajua hata kama hamkujua chanzo chake. Tarehe 16 Novemba 1902 mchoraji Clifford Berryman alichora kikaragosi cha tukio hilo katika gazeti la Washington Post. Huko Brooklyn, mwenye duka Morris Michtom na mkewe Rose wakashona dubu wa kitambaa wakampa jina la rais, Teddy, na vitanda vya watoto duniani vikapata mgeni. Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Katika kisa hiki aliyemnasa dubu kwa mkono alibaki na ujira wake wa siku, na aliyekwenda kula chakula cha mchana ndiye aliyeingia katika historia kwa huruma. Collier alifariki mwaka 1936. Mwaka 2004 ndipo eneo moja la hifadhi ya wanyama katika Delta lilipopewa jina lake.

Na dubu wa Delta? Msitu ulipogeuzwa shamba alibaki katika mabaki ya vichaka. Mwaka 1992 dubu mweusi wa Louisiana, ambaye ndiye huyo wa Collier, aliwekwa katika orodha ya wanyama walio hatarini, na akaondolewa orodhani mwaka 2016 baada ya idadi kuongezeka. Bunduki ilimpunguza, lakini shoka na jembe la pamba ndivyo vilivyombomolea nyumba.

Adams: dubu wa kutazamwa

Kuhusu John Adams nitasema kwa kifupi. Alizaliwa Massachusetts mwaka 1812, akavutwa California na dhahabu ya mwaka 1849, akashindwa katika biashara, akakimbilia milimani. Huko aliua grizli, akakamata wengine wangali wadogo, akawafuga. Wawili waliopata sifa aliwaita Lady Washington na Ben Franklin. Huyu wa pili alimwokoa mwaka 1855 alipovamiwa na grizli mwitu, ingawa Adams alipata jeraha baya la kichwa. Aliwaonyesha wanyama wake San Francisco kwa kiingilio, na mwaka 1860 akawapeleka New York kwa mfanya maonyesho P. T. Barnum. Jeraha la kichwa halikupona, na mwaka huohuo likamwua.

Adams alikuwa wa kwanza kati ya hawa kugundua kwamba dubu hai analeta fedha zaidi ya ngozi yake. Jimbo lake nalo lilimpenda grizli kwa namna hiyo: mwaka 1911 California iliipitisha rasmi bendera yenye picha ya dubu, na kabla miaka ya 1920 haijaisha dubu huyo alikuwa ametoweka California nzima.

Lilly na mshahara wa serikali

Namrudia Ben Lilly, kwa kuwa maisha yake yanabeba uzito wa mada yetu. Alizaliwa Alabama mwishoni mwa 1856, akakulia Mississippi, akaishi Louisiana. Alioa mara mbili na ndoa zote zilimshinda. Husimuliwa kwamba mkewe alimwambia aende akampige mwewe aliyekuwa akisumbua kuku, akachukua bunduki akatoka, akarudi baada ya mwaka na zaidi. Alipoulizwa, akajibu kwamba mwewe aliendelea kuruka. Kisa hicho huenda ni cha kubuni, lakini hiki ni kweli: mwaka 1901 aliiacha familia moja kwa moja akaingia porini.

Mwaka 1907 Roosevelt alipokuja kuwinda Louisiana, Lilly aliajiriwa kuongoza windo, na Holt Collier pia alikuwapo. Roosevelt aliandika kwa mshangao juu ya mtu aliyefika kambini kwa miguu baada ya kutwa kucha bila ya chakula wala maji, akiwa amelala juu ya mti uliopinda, naye hakuonekana kuchoka. Lilly hakunywa pombe, hakuvuta tumbaku, hakutukana. Alifua visu vyake mwenyewe kutoka katika springi za mitego ya chuma. Alipenda kulala nje hata alipopewa kitanda. Mbwa mzuri alimzika kwa heshima kama tulivyoona. Mbwa aliyeacha unyayo wa puma akakimbilia paa alimpiga, na wengine aliwapiga mpaka wakafa. Wanaompamba huliruka jambo hilo.

Tazameni alivyohama: Louisiana, kisha Texas, kisha Mexico mwaka 1908, kisha New Mexico mwaka 1911. Alikuwa akiwafuata wanyama kadiri walivyopungua nyuma yake. Na alipofika milima ya Gila alimkuta mlipaji mpya. Wafugaji wa ng'ombe na farasi walilipa kwa kila puma na kila dubu aliyeuawa. Mwaka 1915 Bunge la Marekani likatenga dola 125,000 kwa ajili ya kuangamiza wanyama walao mifugo, chini ya idara ya serikali iliyoshughulikia viumbe wa porini, na Lilly akawa miongoni mwa wawindaji wake. Idara hiyohiyo, pamoja na jumba la makumbusho ya taifa, ilipokea mafuvu na ngozi alizotuma tangu alipokuwa Louisiana. Serikali ilimtaka mnyama aishe, na ilimtaka mnyama ahifadhiwe kabatini. Kazi zote mbili alipewa mtu mmoja.

California ilikuwa na mfumo wake. Kuanzia 1907 hadi 1963 jimbo lilitoa malipo kwa kila puma aliyeuawa, na kumbukumbu zake zinaonyesha puma 12,462 waliolipiwa. Juu ya hayo lilimwajiri Jay Bruce kuwa mwindaji rasmi wa puma. Kwa takriban miaka thelathini, hadi miaka ya 1940, aliua zaidi ya 600. Huyu hakuwa mtu wa porini asiye na makao. Alikuwa mtumishi wa umma aliyeandika ripoti.

Hapo ndipo hadithi ya shujaa mpweke inapovunjika. Mtu mmoja na mbwa wake, hata awe Lilly, hawezi kumfuta mnyama katika nchi nzima. Bajeti inaweza. Mwanaikolojia Aldo Leopold, aliyeanza kazi ya misitu Arizona mwaka 1909 na hapo mwanzo akawa mtetezi mkubwa wa kuwamaliza wanyama hawa, alieleza katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1949 jinsi grizli wa mwisho wa mlima Escudilla alivyouawa. Mtegaji wa serikali alishindwa kwa mitego na sumu. Mwishowe akafunga bunduki penye njia nyembamba na kuiunganisha na uzi, na dubu akajipiga mwenyewe. Hapakuwa na mbwa, kisu wala kisa cha kusimulia motoni.

Athari za uangamizaji huo zilionekana mapema katika uwanda wa Kaibab, kaskazini mwa korongo kuu la Arizona. Mwaka 1906 Roosevelt aliutangaza kuwa hifadhi ya wanyama wa kuwindwa, na Jim Owens akawekwa kuwa mlinzi. Kwa Owens ulinzi wa paa ulikuwa na maana ya kuua puma, na alidai kuua mamia. Paa waliokadiriwa kuwa 4,000 waliongezeka hadi kufikia, kwa makadirio ya juu kabisa, 100,000 mwaka 1924, kisha wakafa kwa njaa majira ya baridi yaliyofuata. Wataalamu bado wanabishana juu ya ukubwa wa idadi hizo, na wengine hukumbusha kwamba kondoo na ng'ombe waliokuwa wakigombea malisho hayo nao walikuwa wamepunguzwa. Hata ukikubali ubishi wote huo, picha ya mwituni penye mawindo mengi zaidi kwa sababu puma wameuawa haikusimama tena kirahisi.

Leopold alibadilika. Mwaka 1924, kwa juhudi zake, sehemu ya milima ya Gila ilitengwa isipitishwe barabara. Lilly alikuwa bado anaishi eneo hilo. Alifariki Desemba 1936, miezi michache baada ya Collier.

Mbwa wa Mississippi watua Kenya

Msasi wa Marekani alifika pia pwani yetu. Roosevelt alishuka Mombasa Aprili 1909, wiki chache tu baada ya kutoka madarakani, kwa safari iliyokusanya wanyama kwa ajili ya makumbusho ya taifa lake. Mwaka uliofuata alikuja Charles Jones, aliyejulikana kwa jina la Buffalo Jones, mzee aliyepita miaka 60. Huyu alikuwa amewanasa puma kwa kamba juu ya miti ya Kaibab, akiwa pamoja na Jim Owens na mwandishi Zane Grey. Alikuja na wachunga ng'ombe wawili, farasi na mbwa kutoka Marekani, akawanasa kwa kitanzi twiga, kifaru na simba jike, huku Cherry Kearton akipiga filamu.

Mwaka 1911 akafuata tajiri Paul Rainey, mwenye shamba kubwa la uwindaji Mississippi. Alileta kundi la mbwa wa dubu kutoka huko kuja kuwinda simba. Wenyeji wa Nairobi wenye uzoefu walitarajia mbwa hao waliwe, na baadhi yao waliliwa. Simba hapandi mti kama puma, husimama akageuka. Lakini mbwa waliozoea kumchokoza dubu na kuruka pembeni walijua hasa mchezo wa kumshughulisha mnyama anayesimama. Filamu ya safari hiyo ilionyeshwa Marekani mwaka 1912 na kujaza kumbi. Mwaka 1914 mwindaji wa kulipwa Fritz Schindelar aliuawa na simba katika kazi ya kumtafutia Rainey picha nyingine.

Mlipaji wa safari hizi hakuwa na njaa wala ng'ombe wa kulinda. Alikuwa mtazamaji aliyekata tiketi. Na nyuma ya kamera walikuwapo watu wetu: wapagazi kwa mamia, wafuata nyayo, wapishi, wabeba bunduki. Roosevelt aliwataja baadhi kwa majina, mmoja wao Juma Yohari wa Zanzibar, mbeba bunduki wa mwanawe Kermit. Mbeba bunduki alisimama hatua moja nyuma ya mpigaji, naye simba alipokuja mbio hakuwa na bunduki yake mwenyewe ya kutegemea. Nafasi ya Juma katika safari hiyo na nafasi ya Collier katika vichaka vya Mississippi zinafanana mno: wote walikuwa karibu na mnyama, na wote walikuwa mbali na kalamu.

Mlipaji wa mwisho: swali

Mwaka 1964 kijana mtafiti, Maurice Hornocker, aliingia milima ya Idaho kutafuta jibu la swali ambalo nusu karne ya malipo ya vichwa haikuwahi kuliuliza: puma anafanya nini hasa kwa paa na kwa puma wenzake? Hakuweza kuwapata wanyama hao peke yake. Aliyemwezesha ni Wilbur Wiles, msasi mkazi wa bonde la Big Creek, aliyekuwa na mbwa na aliyeijua nchi hiyo kwa miguu. Majira ya baridi walifuata nyayo katika theluji kwa njia ileile aliyoitumia Lilly. Mbwa walimpandisha puma mtini. Tofauti ilianza hapo: badala ya risasi ilikwenda sindano ya dawa ya usingizi, mtu akapanda mtini, akamfunga puma kamba, akamteremsha polepole. Walimpima, wakamtia alama, wakamwacha aende.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1970 yalionyesha kwamba puma wazima hugawana ardhi na kuheshimu mipaka, hivi kwamba idadi yao haikupanda katika miaka ambayo paa na elki walikuwa wakiongezeka. Katika miaka hiyo ya 1960 na 1970 majimbo mengi ya magharibi yaliacha kulipia vichwa vya puma. Mwaka 1990 wapiga kura wa California walipiga marufuku kabisa uwindaji wa puma kwa michezo, katika jimbo lilelile lililomlipa Jay Bruce.

Mabibi na mabwana, sisemi kwamba Wiles alikuwa mtu mwema kuliko Lilly. Pua ya mbwa ilikuwa ileile, na usomaji wa nyayo ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni agizo. Ndiyo maana nawaomba, mkisoma habari za msasi yeyote mashuhuri, wa Tennessee au wa Tsavo, mtafute kwanza nani aliweka fedha mezani, kisha nani mwingine alikuwa porini siku hiyo. Swali la kwanza litawaonyesha kwa nini mnyama aliuawa. La pili litawapa majina ambayo kitabu kiliyaacha. Kwa upande wetu wa Afrika Mashariki kazi hiyo ya pili bado ni changa: ripoti za safari, orodha za mishahara na barua za miaka ile zimejaa majina ya wafuata nyayo na wabeba bunduki ambao hakuna aliyekaa akaandika maisha yao. Wanafunzi mliomo humu mnaotafuta mada ya tasnifu, hiyo iko wazi.